Laptopu ya mtumba ya GB 4: nunua sloti, usinunue RAM

Wanaonunua laptopu za mtumba zenye GB 4 za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi hulalamika kitu kilekile. Dukani iliwaka chapchap. Nyumbani, Chrome na Excel zikifunguliwa pamoja inaganda. Ikipelekwa kwa fundi iongezwe RAM, fundi anaifungua, anaikodolea macho, anaifunga: "Hii haiongezeki."

Kosa halikuwa kununua GB 4, kosa lilikuwa kutouliza RAM imekaaje. Kuna RAM inayochomekwa kwenye sloti na kuna iliyochomelewa kwenye bodi moja kwa moja. Hiyo ya pili huwezi kuiongeza, na siku ikiharibika unabadilisha bodi nzima. Uzito, rangi, kioo, kamera, hayo utayaona kwa macho yako. Hili halionekani.

Kulijua huhitaji bisibisi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Performance" kisha "Memory", usome mistari ya chini. "Slots used: 1 of 2" ni habari njema. "Form factor" ikisema SODIMM, RAM inachomoka; ikisema "Row of chips", imechomelewa. Kwenye Linux andika sudo dmidecode -t memory. Halafu bado omba mfuniko ufunguliwe, maana zipo bodi zinazotaja sloti ambazo hazipo. Hapohapo tazama aina ya Windows: ikiwa ni ya biti 32, hata hiyo GB 4 haitumiki yote.

Chaguo langu la kwanza ni ThinkPad T450 ya Lenovo, na sioni haya kuipendelea. Ina sloti mbili, inafika GB 16, na inatumia DDR3L, aina ambayo mafundi wanazo zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa. Hilo lina maana sasa, kwa sababu tangu mwishoni mwa 2025 RAM mpya zimepanda bei duniani kote, viwanda vikikimbilia seva za akili mnemba. Soma lebo ya RAM kabla ya kulipa: iwe PC3L, yenye ile L. PC3 tupu inataka volti 1.5 na T450 inatoa 1.35, ukiichomeka, mashine haiwaki na utadhani imekufa. Kabla ya kufungua mfuniko, toa betri ya nje, washa, bonyeza F1 kuingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, ingia Config, kisha Power, uzime betri ya ndani. Wanaoruka hatua hii ndio wanaounguza bodi.

T460 ni dada yake, nayo ina sloti mbili. Ila ogopa herufi s. T450s, T460s na T470s zina sehemu ya RAM iliyochomelewa na sloti moja tu. X1 Carbon haina sloti kabisa, na ndiyo inayosifiwa kuliko zote kwa wembamba wake.

Ukilazimika kuwa na Windows 11, hapo T450 haikufai, maana orodha rasmi ya Microsoft ya prosesa za Intel, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha 8 na Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 14, 2025. Tafuta T480. Soma namba ya prosesa: i5-8250U au i5-8350U ni sawa, lakini zipo T480 zenye i5-7300U, kizazi cha 7, na muuzaji atakuambia "zote ni i5".

Ya pili ni HP EliteBook 840 G3. Sloti mbili za DDR4, kibodi nzuri. Washa ukibonyeza F10, kuingia BIOS, mbele ya muuzaji. Ikidai nenosiri, ofisi iliyokuwa nayo haikulifuta, na kuwasha kwa flashi kunaweza kukushinda. Iache hapo.

Ya tatu, ThinkPad X260, kwa anayezunguka nayo. Sloti ni moja, kwa hiyo GB 4 ya zamani inatoka kabisa. Weka GB 8 au 16 mara moja.

Zile ndogo za inchi 11, za aina ya HP Stream, zenye RAM iliyochomelewa na GB 32 za eMMC, hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi: bei yake ni ndogo, na sababu unaijua sasa.

Ukibaki na GB 4 kwa muda, fedha ya kwanza iende kwenye SSD, diski isiyozunguka. RAM ikijaa, mashine huhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka haiuwezi mwendo huo. Ndiyo maana taa yake haizimiki. Weka Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa kuchukua nafasi ya Windows, kisha sudo apt install zram-tools. Fungua /etc/default/zramswap, andika ALGO=zstd na PERCENT=60, halafu sudo systemctl restart zramswap. Data isiyotumika itabanwa ndani ya RAM kabla ya kutupwa kwenye diski. LibreOffice na kurasa chache za intaneti zitakwenda. Mkutano wa video huku lahajedwali liko wazi, usijaribu.

Sasa wauzaji. Stika ya nje imeandikwa GB 8, ndani kuna 4. RAM nyingine imechomolewa ikauzwe peke yake, na ukirudi kesho unauziwa hiyohiyo kama "nyongeza". Ukiomba kufunguliwa mfuniko unaambiwa warranti itaharibika. Warranti ipi, kwenye mtumba usio hata na risiti? Mwambie utalipa baada ya kuona sloti. Akikataa, duka la pili liko hatua kumi mbele.