Luger P08 au Walther P38: ipi inasomeka kwa urahisi?

Hizi ni bastola za zamani za jeshi la Ujerumani, na kuzisoma ni kutambua kiwanda na mwaka kwa alama zilizogongwa. Kwenye Luger, macho yaende juu. Mwaka umegongwa juu ya chemba ya risasi, na alama ya kiwanda iko kwenye kifundo kinachojikunja nyuma yake. Kiwanda cha Mauser kwanza kiligonga S/42, baadaye 42, kisha byf. Ukiona byf na 41, hiyo ni Mauser ya 1941.

P38 ni nyepesi zaidi kusoma: alama ya kiwanda, mwaka na namba viko ubavuni kushoto. Herufi ac ni kiwanda cha Walther, byf ni Mauser tena, cyq ni Spreewerk, na hawa wa mwisho hawakugonga mwaka. Hapo namba ya bastola ndiyo itakusaidia.

Zote mbili, zile za jeshi za enzi ya alama hizi, zina kijitai cha ukaguzi, yaani alama ndogo ya ndege tai. Mimi hukiangalia kwa lenzi, maana cha bandia hakikosekani.