Gegedu la goti: MRI au CT ya kontrasti?

Jamani goti likiuma na eksirei ikatoka safi usidhani umemaliza, eksirei haioni gegedu lenyewe (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa), inaonyesha tu nafasi kati ya mifupa. Hapo zinabaki njia mbili za picha: MRI, inayotumia sumaku, na CT, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka. MRI haina mionzi, inaona gegedu, meniskasi (vile vikingo kati ya mifupa ya goti), ligamenti (zinazounganisha mifupa), hadi maji ndani ya mfupa, mi ningeanza nayo kama hela ipo, ila unalala mule karibu nusu saa bila kutikisika. CT ya kontrasti unachomwa sindano ya dawa yenye ayodini ndani ya kiungo kabisa, afu picha yenyewe sekunde tu, na ufa mdogo juu ya gegedu unaonekana vizuri sana maana dawa inaingia mule mule. Na kinachonivutia zaidi, bado kiko zaidi kwenye utafiti: gegedu lenye afya lina chaji hasi, kwa hiyo dawa ya ayodini yenye chaji hasi inasukumwa nje, likianza kuharibika dawa inapenya zaidi, yaani unaweza kuona tatizo kabla gegedu halijalika. Ubaya ni mionzi na sindano, na mwenye aleji ya dawa hiyo ya ayodini aseme mapema. Ila mwenye pesimeka (kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo) isiyoruhusiwa kwenye MRI, CT ndo njia yake.