Tathmini: miezi mitano ya mafunzo ya sauti kwa mtu mzima, Soweto, Mbeya

Nimeimba sauti ya tatu (sauti ya juu ya wanaume) katika kwaya ya usharika kwa miaka 19, na muda wote huo niliamini kwamba noti ya juu hufikiwa kwa nguvu. Kila baada ya sikukuu kubwa sauti ilinikauka siku mbili au tatu, nami nikatibu kwa tangawizi na asali. Februari mwaka huu, nikiwa na miaka 43, nilianza kujifunza upya kwa mama mmoja anayefundisha sauti nyumbani kwake Soweto, mwanafunzi mmoja mmoja, kwa shilingi 15,000 kwa kipindi cha dakika 50. Nimehudhuria vipindi 20.

Wiki tatu za kwanza hatukuimba wimbo wowote. Nililala chali mkekani, kitabu cha nyimbo kikiwa juu ya tumbo, nikajifunza kuvuta pumzi hadi kitabu kiinuke bila mabega kusogea, kwa sababu kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinaposhuka tumbo hutangulia mbele, na mabega yanayopanda huongeza tu mkazo wa shingo. Nilipolalamika kwamba pumzi inaniishia katikati ya mstari, alinijibu: "Kaka, pumzi haijakuishia, umeimwaga yote kwenye neno la kwanza."

Zoezi lililonibadilisha ni la mrija. Alinipa glasi yenye maji nusu, akaniagiza nitoe sauti ya "u" kupitia mrija uliozama kidogo huku nikipanda taratibu kutoka do. Hadi sol mapovu yalitoka kwa utulivu; nilipogusa la, maji yaliruka hadi kwenye kitambaa cha meza, na hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu jinsi ninavyosukuma. Mrija huzuia pumzi kidogo mdomoni, na mgandamizo unaorudi nyuma husaidia nyuzi za sauti kukutana bila kugongana kwa ukali. Hilo si jambo dogo, kwani katika A iliyo juu ya C ya kati (ile C iliyo karibu na katikati ya kinanda), noti inayotutisha wanaume wa sauti ya tatu, nyuzi hizo hukutana mara 440 kwa sekunde. Ukizikaza namna nilivyokuwa nikizikaza, zinaweza kuvimba.

Baadaye tulihamia kwenye irabu, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi mwalimu huyu, kwa kuwa anafundisha kwa Kiswahili na kwa ajili ya Kiswahili. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo mwimbaji wetu anashikilia irabu karibu wakati wote, na "a" iliyotanuliwa mno kwenye noti za juu hugeuka kelele. Alinifundisha kuielekeza "a" hiyo kidogo upande wa "o", taya likiwa limelegea, na neno bado likasikika wazi kwa waumini wa viti vya nyuma.

Upungufu upo. Mara nne nilisubiri zaidi ya dakika 20 kwa sababu mwanafunzi aliyenitangulia hakuwa amemaliza, na muda huo haukufidiwa. Chumba chenyewe hakina joto, na kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa Juni, vipindi vya saa 12 jioni vilianza na koo lililokakamaa. Nashauri mwanafunzi mpya aombe saa za mchana. Pia hafundishi kusoma nota kwa kina, hivyo anayetafuta hilo atahitaji mwalimu mwingine.

Jumapili moja ya Juni kwaya yetu iliimba ibada tatu mfululizo. Jioni hiyo nilimpigia simu dada yangu aliyeko Makambako, tukaongea karibu nusu saa, na hakuniuliza kama ninaumwa mafua. Nimelipia vipindi vingine 10.