Unataka RAZR ya kukunja? Anza na V3i, zingine zina mambo yake

Saivi naona watu wanazitafuta tena simu za kukunja za zamani, hasa RAZR za Motorola, na shida ni kwamba mtu ananunua kwa kuangalia picha tu, ikifika ndo anagundua haishiki chaji au haikubali laini yake. Mi nilianza na V3 ya silva, baadae nikahamia V3i, na mpaka leo ndo simu yangu ya pili, kwahiyo nakwambia ninachokijua.

Kwanini watu wanaipenda? V3 ilitoka 2004, bodi ya aluminiamu, ukiifunga unene ni milimita 13.9 tu na uzito gramu 95, na hiyo ni enzi ambayo simu ya kukunja ilikuwa nene kama kipande cha sabuni. Keypadi yake ni bati moja jembamba, herufi zimechongwa humohumo, na usiku mwanga wa bluu unatokea katikati ya vitufe, hamna simu ya leo inayonipa raha ile. Antena waliishusha kwenye kidevu ndo mana pale chini pamevimba. Mwanzoni Marekani iliuzwa kama dola 500 na mkataba juu, simu ya matajiri kabisa, baadae bei ikashuka na familia nzima ya V3 ikauzwa zaidi ya milioni 130. Halafu ile kumaliza maongezi kwa kufunga simu, tak, imeisha.

Namba 1 kwangu ni V3i. Kwa nje ni ileile V3, ila kamera ni megapikseli 1.23 na kubwa zaidi ina sehemu ya memori kadi, ile ndogo ya microSD. Usiiwekee kadi kubwa ya siku hizi, tafuta ya MB 512. Ukishapata kadi unaweka nyimbo na picha, simu inakuwa na maisha.

Namba 2 ni RAZR2 V8 ya 2007. Kioo cha nje kikubwa, inchi 2, cha ndani kina picha safi kuliko V3 zote hizi mbili, kamera megapikseli 2, na inachajiwa na micro-USB kwahiyo chaja zimejaa kila kona. Haina kadi lakini kuna toleo la GB 2 ndani, hilo ndo la kuchukua, la MB 512 liache. Nimeiweka ya pili kwa sababu mkononi ni nzito kidogo na ile ladha ya V3 haina, hapo ni mapenzi yangu, wewe unaweza kuipindua ukaiweka ya kwanza.

Namba 3, V3 yenyewe. Nzuri kuliko zote kwa macho, lakini kamera ni VGA, yaani haifiki hata megapikseli moja, haina kadi, memori ya ndani ni kama MB 5 tu. Chukua kama unataka kupiga, kupokea na meseji basi.

V3c usiguse. Hiyo ni ya CDMA, ilitengenezwa kwa mitandao ya Marekani isiyotumia laini za kadi, hapa ni pambo la kabatini, na inafanana sana na V3 kwahiyo soma karatasi iliyo chini ya betri kabla hujatoa hela.

Sasa mipaka yake, na hapa nisikilize vizuri. Hizi nilizozipanga ni za 2G. Bongo na Kenya 2G bado ipo kwahiyo zinapiga vizuri tu, ila kama una ndugu Marekani anataka kujinunulia ya kutumia kule mwambie aache, AT&T walizima 2G tangu mwanzo wa 2017. WhatsApp hamna, intaneti isahau, kurasa za sasa hazifunguki. Lakini menyu ya *150*00#, ile ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania, inafanya kazi, kutuma hela, kutoa, kununua vocha yote sawa, na meseji za namba za uthibitisho za benki zinaingia, mi laini ya benki naiweka humo. Laini yako ya nano inahitaji adapta maana humu inaingia ile kubwa ya zamani. Earphone za kawaida haziingii pia, tundu ni moja tu, na kwenye V3 na V3i ni la mini-USB.

Hilo tundu ndo limenisumbua kuliko vyote. Waya wa mini-USB unaweza kuingia vizuri kabisa, wale wa padi za PS3, na bado simu ikakataa kuchaji kwa sababu inataka kuitambua chaja kwanza. Ukinunua, dai chaja yake ileile ya Motorola.

Ukienda dukani, iwe Aggrey pale Kariakoo au Luthuli Nairobi, washa simu afu ifungue na kuifunga hata mara ishirini. Kioo kikicheza au kuwa cheupe ujue flexi, ule waya bapa wa kwenye bawaba, inaenda kufa, fundi anabadilisha ila kupata flexi nzuri ni kazi. Toa betri, ilaze mezani, izungushe, ikizunguka kama pia, imevimba hiyo, ikatae. Weka laini yako na upige palepale, nyingi zinatoka nje zikiwa zimefungwa kwenye mtandao mmoja. Mwisho bonyeza *#06#, chukua IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, utume 15090 kwa Tanzania au 1555 kwa Kenya, jibu lisipotaja Motorola hiyo ni feki, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walishazima simu feki tangu Juni 2016 kwahiyo haitakufaa.

Na kama unatafuta simu moja tu ya kila siku, sio ya pili, achana na RAZR zote hizi uchukue Nokia 2660 Flip ya 2022. Ina 4G, inakunja, ina kadi mpaka GB 32, betri mAh 1450 wakati V3 ni 710. Ni plastiki na kamera ni VGA vilevile, WhatsApp haina, lakini mama yangu nilimchukulia hiyo, vitufe vikubwa na kuna kitufe cha dharura pembeni, hajawahi kuniomba nyingine.