Kozi ya sauti ya siasa za Weusi Afrika Kusini: nimeimaliza, naipa nyota 4

Kiukweli nilipoilipia nilijua ni yaleyale, Mandela, Robben Island, kura ya 1994, kwisha habari. Kumbe mwalimu anaanzia mbali, Cape ya 1853, koloni la Waingereza huko kusini, ambako mwanaume mweusi mwenye mali ya pauni 25 alikuwa anapiga kura kama mzungu, alafu walipoona weusi wanajaa kwenye daftari, 1892 wakapandisha kiwango hadi pauni 75. Hapo ndo nikaelewa kwa nini wale wazee wa mwanzo wa siasa za Weusi walikuwa watu wa petisheni na kutuma wajumbe London, mimi siku zote nilikuwa nawaona waoga tu.

Utamu wenyewe ni kipindi cha 3, cha John Tengo Jabavu. Jamaa alianzisha gazeti la Imvo Zabantsundu 1884, watu wanamsikiliza kwelikweli, alafu huyohuyo anakuja kuunga mkono Sheria ya Ardhi ya 1913, ile iliyowaachia weusi kama asilimia 7 ya ardhi! Haijaisha, 1914 akagombea kiti cha baraza la jimbo la Cape kilichokuwa cha Walter Rubusana, mweusi mwenzake, kura zikagawanyika akapita mzungu. Nimekirudia mara tatu na bado sijui nimchukie au nimwonee huruma.

Bloemfontein 1912, pale kilipoanzishwa chama cha Weusi kilichokuja kuitwa ANC, kaipitia haraka, sawa tu, hiyo wengi tunaijua. Ila alivyounganisha Lembede wa Umoja wa Vijana wa ANC 1944, Sobukwe aliyeanzisha chama cha PAC 1959 na Biko wa vuguvugu la Black Consciousness, yaani lile swali la tushirikiane na wazungu au kwanza tusimame wenyewe, hapo mwalimu anajua kazi yake.

Sasa nyota moja imeenda wapi? Clements Kadalie, mtu aliyetoka Malawi akaanzisha chama cha wafanyakazi ICU pale Cape Town 1919, chama ambacho miaka ya 1920 kiliipita ANC kwa wanachama, kapewa sentensi mbili tu jamani. Wanawake ndo kabisa hamna, si Charlotte Maxeke wala wale wa Bloemfontein waliogomea pasi (vile vibali Weusi walivyolazimishwa kubeba) 1913. Siasa zote ni za wanaume wenye tai na magazeti?

Na hiyo programu yao nayo, ukipigiwa simu katikati inakurudisha mwanzo wa kipindi, nimewaandikia wiki ya pili hii, kimya.

Kama huna muda wa yote nenda moja kwa moja kipindi cha 3, cha 1 utakirudia baadae.