Miaka 13 kwenye programu ya Kifaransa Maryland, Marekani, binti kamaliza haiskuli, haya ndo maoni yangu

Tangu nirushe picha za joho watu wananiuliza ile shule ya Kifaransa ilimsaidia mtoto au alipoteza muda tu, naandika hapa mara moja. Nyota nne kati ya tano.

Kwanza muelewe, programu yenyewe inaitwa imasheni, na si kipindi cha lugha, ni hesabu, sayansi, hadi kuambiwa panga mstari, vyote kwa Kifaransa tangu chekechea. Ni shule ya serikali, ada hamna, nafasi zinachezewa bahati nasibu. Mtindo wenyewe ulitokana na wazazi wa Saint-Lambert kule Quebec, Kanada, 1965, waliochoka kuona watoto wanasoma Kifaransa miaka nenda rudi na kuongea hawawezi.

Shule ya msingi nawapa tano. Mwalimu wake wa kwanza Mkameruni, mbele ya watoto Kiingereza hagusi, ilipofika Desemba binti anamgombeza mdogo wake kwa Kifaransa. Shida ilikuwa homuweki, maana mimi hicho Kifaransa sijui hata salamu, ikabidi jioni tubebe daftari kwa jirani yetu, mama mmoja Mkongo wa Bukavu. Siku moja mtoto anamsomea 97, quatre-vingt-dix-sept, yaani nne mara ishirini halafu kumi na saba, yule mama akamwambia mwanangu sisi kwetu ni nonante-sept tu, imeisha. Mtoto katoa macho! Kumbe hiyo lugha ina watu wake wengine mbali na wa kwenye kitabu, na hilo shuleni alikuwa hajaambiwa.

Midoskuli hesabu zikahamia Kiingereza, hapo jiandaeni. Pembetatu yenye pembe mraba Kifaransa wanaiita triangle rectangle, Kiingereza ni right triangle, na hiyo "right" ndo neno lilelile la upande wa kulia, basi kwenye jaribio kachagua zilizoelekea kulia tu, za kushoto kaziacha. Hesabu anaijua vizuri kabisa, jina ndo limempiga chenga. Ilichukua kama miezi mitatu kukaa sawa, kwahiyo mkiona maksi zimeshuka msikimbilie kumtoa mtoto.

Nyota niliyokata ni ya haiskuli. Kifaransa kikabaki kipindi kimoja kwa siku, darasa la 10 kafanya mtihani wa AP, ule wa kiwango cha chuo, kapata 4 kati ya 5, halafu shule ikatuambia hakuna darasa la juu zaidi ya hapo. Miaka miwili bure, kweli jamani? Mtoto mmemlea na lugha tangu ana miaka mitano mnamwachia njiani! Nilienda ofisini mara mbili na sikupata jibu la maana.

Na kuhitimu kwenyewe msidanganywe, imasheni haimalizi haiskuli kwa niaba ya mtoto, krediti za Kiingereza, hesabu na sayansi anazitafuta kama wenzake, pamoja na yale masaa 75 ya kujitolea ambayo Maryland inadai. Ila hapo ndo nilipoona faida kwa macho yangu, masaa yake mengi aliyafanya sehemu wanayogawa chakula, familia mpya za Kongo zikifika anazijazia fomu, baba anamuuliza Kifaransa, bibi anaingilia kwa Kiswahili, binti anaandika Kiingereza. Nilikaa kwenye gari nikamwangalia dirishani, machozi yakanitoka.

Diploma yake ina ule muhuri wa kuonyesha anazimudu lugha mbili (Seal of Biliteracy), ule ulioanzia California 2011, na ameustahili.

Mkienda kwenye mkutano wa wazazi wapya, waulizeni kabla ya yote, darasa la 11 na 12 hawa watoto mnawafundisha nini cha Kifaransa? Mdogo wake wa mwisho alikosa nafasi kwenye bahati nasibu, yupo kwenye listi ya kusubiri, na mimi simu siiweki chini.