Mkate wa sinia wa dirishani, na wale walionielekeza

Mji wa Kale wa Mombasa hauna uhaba wa mikahawa yenye mabango. Fuata Ndia Kuu kutoka Fort Jesus utaikuta, na bei zake za wageni. Hiyo siiandikii. Naandikia nyumba ambazo huwezi kujua kama zinauza chochote mpaka mtu akuambie. Hakuna menyu wala bango, ila pengine kipande cha boksi mlangoni, "Barafu zapatikana hapa", kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Kwa kuwa huko hufiki ila kwa kuelekezwa, sharti niwapime kwanza walionielekeza, ndipo nije kwenye chakula.

Ninao watatu. Shoga yangu mmoja hupenda sukari kupita kiasi, kwa hiyo akisifu kitu mimi hupunguza nusu. Mwenzangu wa ofisini ni mtu wa Kisumu aliyekuja pwani kikazi akanogewa. Yeye hupima kila kitu kwa pilipili, na kwenye vya kukaanga namwamini kuliko wenyeji wengi. Wa tatu ni wifi yangu. Huyu hasifu. Akisema "si vibaya", vaa viatu uende.

Mkate wa sinia wa mtaa wa Kibokoni aliuambia "si vibaya".

Unaagiza kwa WhatsApp siku moja kabla, maana mkate huu ni wa mchele, nao hulowekwa usiku kucha. Hutajibiwa kwa maandishi. Utaletewa sauti, na nyuma yake utasikia watoto na kuku. Swali ni moja tu: mdogo au mkubwa? Kisha unaambiwa upite baada ya alasiri. Nilipofika nikapiga hodi, dirisha la ghorofani likafunguka nusu.

"Nani?"

Nikajitaja.

"Nani kakuelekeza?"

Nikamtaja wifi yangu, na hapo sauti ikalainika. "Aa, karibu mwanangu, ngoja hapo hapo." Kikashuka kikapu kwa kamba. Nikatia shilingi mia nne, kikapanda, kikarudi na mkate umefungwa vizuri, bado una moto. Uso wa mpishi sikuuona, na mpaka leo nafahamiana na mkono wake tu, wenye bangili mbili.

Sasa mkate wenyewe. Wengi siku hizi husaga mchele wakamalizia kwa tui la pakiti, na ladha yake huijua mara moja: mafuta hubaki yameganda kwenye kaakaa. Huu ni wa nazi iliyokunwa kwa mbuzi. Tui lake ni zito, hamira imefanya kazi yake bila kuacha uchachu, na iliki ni ya kutwangwa siku ile ile, maana punje zake nyeusi unaziona. Umepikwa kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Ndiyo sababu juu umekuwa wa hudhurungi na pembeni umekauka kidogo, huku ndani ni laini, una matundu tele na haunati kwenye kisu. Moshi unausikia kwa mbali. Jiko la gesi halitoi kitu hicho, hata mtu aape.

Kasoro? Kwangu sukari imezidi kijiko. Uleni na strungi isiyo na sukari na mambo yatakuwa sawa. Na msiutie kwenye friji. Mchele hukaza, kesho yake utautafuna badala ya kuula.

Shoga yangu wa sukari ndiye aliyenipeleka kwenye mbaazi na mahamri za asubuhi, karibu na Makadara, kwa mama anayepakua barazani kwake. Nilikwenda nikiwa nimeshapunguza nusu yangu. Mahamri kweli ni matamu mno kuyala matupu, lakini mbaazi zake zina chumvi ya kutosha na pilipili mbichi iliyotumbukizwa nzima, basi ukichota kwa kipande cha hamri viwili hivyo vinapatana. Punje zimeiva bila kupondeka, na tui la mwisho limetiwa karibu na kuepua, halijakatika. Sahani ni shilingi hamsini, hamri moja kumi. Utakaa benchi moja na madereva wa tuktuk na wanaume wa msikitini wanaobishana siasa, na hakuna atakayekusogelea kukuuliza umemaliza. Ila saa tatu sufuria huwa limekwisha, na mama haongezi hata umlilie.

Viazi karai alivyonielekeza mtu wa Kisumu viko uchochoro mmoja wa Bondeni. Unga wa dengu umepaka mwembamba, kiazi kimetiwa chumvi tangu kuchemshwa (wengi husahau), na ukwaju ni wa kukamuliwa hasa, si maji ya rangi. Nendeni saa kumi jioni karai likiwa limeanza tu. Baada ya magharibi mafuta huwa yamechoka na viazi huanza kuyanywa.

Mabuyu ya jirani wa hapo hapo nimeyapita haraka: rangi nyingi, ubuyu kidogo, vidole vyekundu mpaka kesho. Watoto wangu wanayapenda. Shauri yao.

Na kuna biriani niliyoelekezwa na mtu ambaye baadaye nilijua ni dada yake mpishi. Viazi vilikuwa vigumu, nyama ilikuwa mifupa, na mchele umeshikana. Nyumba siitaji. Nasema tu kwamba siku hizi mtu akinisifia chakula, namuuliza kwanza wana undugu gani.

Mtaniuliza mlango wa mkate wa sinia ni upi. Mwenyewe amekataa nisiuandike, kwa sababu ana majiko mawili na mjukuu mmoja wa kumsaidia, na zaidi ya mikate michache kwa siku hawezi. Ramadhani ndiyo msiulize kabisa. Wateja wa zamani humaliza nafasi zote kabla mwezi haujaandama. Ila ukiwa na mtu Kibokoni, muulize juu ya kikapu cha kamba, na ukifika utaje jina lake kabla ya lako. Beba noti kamili, kwa sababu chenji kikapu hakirudishi. Bei nayo ni ya sasa: nazi ikipanda soko la Marikiti, mkate unapanda wiki ile ile. Ijumaa hapiki.